Ramani Niliyoipaka Rangi Moja Moja: Niliyojifunza Kuhusu Utamaduni, Lugha na Dini Katika Jiografia ya Binadamu

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya jiografia ya binadamu, mhadhiri wetu alitugawia ramani tupu za dunia na kututaka tuzipake rangi kwa kufuata familia za lugha, yaani makundi ya lugha zenye asili moja. Nilikesha usiku mbili nikiifanya kazi hiyo. Familia ya Kihindi-Kiulaya niliipa manjano, nikaitandaza kutoka Ureno hadi kaskazini mwa India, kisha nikaivusha bahari hadi Amerika. Kisino-Tibeti nikaipa nyekundu. Niger-Kongo nikaipa kijani. Nilijivunia zaidi mambo madogo niliyoyakumbuka: kwamba Finland na Hungaria hazikustahili manjano kwa sababu lugha zake ni za familia ya Kiurali, na kwamba katika mpaka wa Hispania na Ufaransa palihitajika doa la pekee kwa ajili ya Kibasiki, lugha ambayo mpaka leo haijapatiwa jamaa yoyote inayoaminika.

Mhadhiri aliitazama ramani yangu kwa muda, akasema ni kazi safi, kisha akaniuliza swali moja tu. "Mwanangu, mtu anayesali kwa lugha moja, akauza na kununua kwa lugha ya pili, na usiku akambembeleza mtoto wake kwa lugha ya tatu, hapa umempaka rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikuja kuwa mwalimu wa somo hilohilo, na naweza kusema bila kusitasita kwamba karibu kila nilichokielewa vizuri kuhusu utamaduni, lugha na dini nilikielewa nikiwa natafuta jibu la swali lile.

Kosa langu la awali lilihusu utamaduni wenyewe. Niliingia darasani nikiwa naamini kwamba utamaduni ni vitu: mavazi, ngoma, vyombo, majengo. Vitabu vya kiada vinaugawa katika tabaka tatu, yaani vitu vinavyoshikika, taasisi na mahusiano ya watu, na fikra pamoja na imani, nami nilizifundisha tabaka hizo kama orodha, wanafunzi wakaikariri na kuiandika kwenye mtihani bila kukosea. Hata hivyo, nilipowaomba wanieleze nyumba yoyote ya kawaida kwa kutumia tabaka hizo tatu, waliishia kwenye kuta na paa. Ndipo nilipoanza kuwafundisha kwa kuchora. Nyumba ina kuta, na hizo zinashikika. Ina mpangilio wa vyumba unaoonyesha nani anakaa karibu na nani, mgeni anaishia wapi na mzee analala wapi, na hayo ni mahusiano. Pengine mlango wake unaelekea upande fulani kwa sababu ya imani ambayo hakuna aliyeiandika ukutani. Tabaka zote tatu zimo katika kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anayeziangalia kuta peke yake hajauona utamaduni, ameona ujenzi. Tangu hapo neno ambalo nalisisitiza katika fasili ya utamaduni ni "kujifunza". Utamaduni ni kile ambacho watu wanajifunza kutoka kwa wenzao na kukirithisha, na kwa kuwa unajifunzwa, unaweza kuhama, kukopwa, kusahauliwa na kufufuliwa.

Msisitizo huo una uzito kuliko unavyoonekana. Wakati mmoja nilikuwa nikifundisha historia ya somo letu, nikaipitia haraka nadharia inayodai kwamba mazingira ndiyo yanayoamua tabia na maendeleo ya watu. Niliwataja Friedrich Ratzel wa Ujerumani na mwanafunzi wake Mmarekani, Ellen Churchill Semple, nikaeleza kwamba mawazo hayo yalikuwa na nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 na kwamba baadaye yaliachwa, nikataka kuendelea. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akaniuliza kwa dhati kama ni kweli kwamba watu wa nchi za joto ni wavivu kwa sababu ya jua. Nilishtuka kuona kwamba nadharia niliyokuwa nikiizika ilikuwa hai kabisa katika kichwa cha kijana aliyekaa mbele yangu, na kwamba ilikuwa imemfundisha kujidharau. Sikuendelea na somo lililopangwa. Tulikaa juu ya swali lake kwa vipindi viwili.

Jibu nililompa lilitokana na Paul Vidal de la Blache, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1845 na 1918, ambaye alishikilia kwamba mazingira yanatoa nafasi na mipaka, lakini watu ndio wanaochagua kutokana na mazoea, ujuzi na mpangilio wa jamii yao. Nilimwonyesha Uholanzi, ambako takriban robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari na ambako Flevoland, eneo lililokuwa maji, limekuwa mkoa kamili tangu mwaka 1986. Nilimwonyesha pia milima ya Luzon huko Ufilipino, ambako Waifugao wamekata matuta ya mpunga kwenye miteremko mikali na kuyagawia maji kutoka misitu ya juu kwa ustadi wa kurithishana. Bahari haikuwaamuru Waholanzi kujenga kingo, wala mlima haukuwaamuru Waifugao kulima mpunga. Carl Sauer, aliyefundisha huko Berkeley, Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1925 kwa namna ambayo sijaona iliyoizidi: utamaduni ndio mtendaji, mazingira ya asili ndiyo malighafi, na mandhari ya kitamaduni ndiyo matokeo. Neno "mandhari" hapa halina maana ya picha ya kupendeza. Lina maana ya ardhi iliyotiwa mkono wa watu, kiasi kwamba ukiisoma vizuri unawajua hata kama hawapo.

Kutoka hapo nilivutiwa zaidi na namna mambo yanavyosafiri. Torsten Hägerstrand wa Uswidi, katika kazi yake ya mwaka 1953, alifuatilia jinsi mbinu mpya za kilimo zilivyopokelewa na wakulima, akaonyesha kwamba jambo jipya halienei kama maji yaliyomwagika sakafuni. Linafuata mahusiano ya watu, linakwama kwenye vizuizi, linaruka hapa na kutua pale. Wanajiografia wametofautisha njia kadhaa za ueneaji. Jambo linaweza kuhama pamoja na watu waliolibeba, linaweza kuambukizwa kati ya jirani na jirani, au kushuka kutoka kwa wakubwa na miji mikuu kuelekea kwa wengine. Pia wazo peke yake linaweza kusafiri huku umbo lake likibaki nyuma.

Hiyo njia ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiwatatiza sana wanafunzi wangu, mpaka nilipoanza kuwasimulia habari za Sequoyah, Mcherokee wa Amerika ya Kaskazini. Alikuwa ameona kwamba walowezi wana karatasi zinazosema, lakini yeye mwenyewe hakujua kusoma Kiingereza. Alichokichukua kutoka kwao ni wazo tu kwamba sauti zinaweza kuwekewa alama. Alama zenyewe alizibuni, moja kwa kila silabi, zaidi ya 80 kwa jumla, na kufikia mwaka 1821 mfumo wake ulikuwa umekamilika. Baadhi ya alama hizo zinafanana na herufi za Kilatini lakini sauti zake ni tofauti kabisa. Mwaka 1828 gazeti lilikuwa linachapishwa kwa Kicherokee. Kila ninaposimulia habari hii darasa hunyamaza, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuamini kwamba anayekopa ni dhaifu kuliko anayekopesha.

Dini nazo zimetumia njia hizi zote, mara nyingi dini moja ikitumia njia tofauti katika nyakati tofauti. Ukristo ulienea kwanza kwa kuambukizana kati ya watu wa kawaida katika miji ya Dola ya Roma, kisha baada ya mfalme Konstantino kuukubali na kuhalalishwa mwaka 313, ukaanza pia kushuka kutoka juu. Uislamu uliingia katika visiwa vya Indonesia kwa sehemu kubwa kupitia wafanyabiashara na walimu waliopita katika njia za bahari, na leo nchi hiyo, iliyo mbali sana na Makka, ina Waislamu zaidi ya milioni 200. Ubudha ndio ulionifundisha kwamba chimbuko linaweza kupoa. Ulizaliwa kaskazini mwa bara dogo la India, ukapata mlezi mwenye nguvu, mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ukavuka kwenda Sri Lanka, ukapanda na misafara hadi China, Korea na Japani. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, Wabudha hawakufikia hata asilimia 1 ya watu wote. Wengi wa hao waliopo, tena, si masalia ya zamani. Ni wale walioongoka katika vuguvugu la B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa watu wa matabaka yaliyodharauliwa, lililoanza mwaka 1956, pamoja na vizazi vyao. Kwa hiyo anayechora mshale mmoja kutoka India kwenda nje na kuuacha hapo, amekosea. Mshale mwingine unarudi.

Lakini lugha ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko vyote, na hapa naomba radhi kwa kukaa kirefu.

Mara nyingi nimesikia ikidaiwa, hata na watu waliosoma, kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Zamani nilikuwa nalijibu dai hilo kwa hasira, na hasira haikuwahi kumfundisha mtu. Siku hizi najibu kwa kueleza jinsi wanaisimu wanavyoainisha lugha. Hawahesabu maneno ya kukopa. Wanaangalia mifupa ya lugha, yaani ngeli, upatanisho wa kisarufi, umbo la kitenzi, na msamiati wa msingi usiokopwa kwa urahisi. Kwa mifupa hiyo Kiswahili ni lugha ya Kibantu, tawi la familia ya Niger-Kongo, na neno "mtu" lina ndugu zake katika mamia ya lugha hadi kusini kabisa mwa bara. Kiingereza nacho kimejaa maneno ya Kifaransa na Kilatini, lakini hakuna anayekiondoa katika tawi la Kigermaniki, ambalo Kijerumani nacho kimo. Maneno ya kukopa yanaeleza habari nyingine, nayo ni nzuri vilevile: yanaeleza nani alikutana na nani. "Kitabu" ni ushahidi wa mkutano mmoja, "meza" ya Kireno ni ushahidi wa mkutano mwingine, na "shule" ya Kijerumani ni ushahidi wa tatu.

Siku moja nilipokuwa nikichora dira ubaoni, nilisita nikiwa nimeshika chaki, kwa sababu niliona kitu nilichokuwa nimekitamka maisha yangu yote bila kukisikia. Kaskazini na kusini ni maneno yaliyotokana na pepo mbili za msimu za Bahari ya Hindi, kaskazi na kusi, ambazo kwa karne nyingi ziliamua ni lini chombo kinaweza kuja na ni lini kinaweza kuondoka. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yanayohusu kuchomoza na kuzama kwa jua, na hilo la pili ni jina la sala ya jioni vilevile. Katika maneno manne ya dira moja kulikuwa na biashara, bahari, hali ya hewa, mkopo wa lugha na ibada. Niliwageukia wanafunzi nikawaambia kwamba kila anayeuliza njia kwa lugha hii, awe ameona bahari au hajaiona, awe Mwislamu au si Mwislamu, anabeba historia hiyo kinywani. Hakuna rangi moja inayoweza kuichora.

Wazo kwamba lugha zina ukoo ni la zamani, lakini mara nyingi hutajwa mwaka 1786, ambapo William Jones, jaji wa Kiingereza huko Calcutta, alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kiasi kwamba lazima ziwe zimetoka katika chimbuko moja ambalo pengine halipo tena. Chimbuko la namna hiyo tunaliita lugha mame. Nawatahadharisha wanafunzi wangu kwamba ukoo wa lugha si ukoo wa damu. Watu wanaweza kuacha lugha ya mababu na kuchukua nyingine katika vizazi viwili au vitatu, na wamefanya hivyo mara nyingi, kwa hiari na kwa kulazimishwa.

Mpaka kati ya lugha na lahaja nao ulinichukua muda kuuelewa, kwa kuwa nilidhani upo mahali fulani na kazi yangu ni kuufundisha. Wanaisimu huchora mistari inayoonyesha neno moja au matamshi fulani yanaishia wapi, na mistari hiyo haifuatani. Kila neno lina mpaka wake. Ukitembea kijiji hadi kijiji unaweza kuona kila jirani anamwelewa jirani yake, ilhali wa mwanzo na wa mwisho hawaelewani. Nani basi anayeamua wapi lugha moja inaishia? Mara nyingi ni dola. Lugha iliyokuwa ikiitwa Kiserbia-Kikroatia katika Yugoslavia sasa ina majina manne rasmi katika nchi nne, na wasemaji wake bado wanaelewana bila mkalimani. Kihindi na Kiurdu katika mazungumzo ya kila siku vinakaribiana mno, lakini kimoja huandikwa kwa hati ya Devanagari na kukopa kwa Kisanskriti, kingine huandikwa kwa hati yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi na kukopa huko. Mwandiko wenyewe umekuwa bendera ya dini, wa kwanza kwa Wahindu, wa pili kwa Waislamu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mfano ambao nadhani unastahili muda kuliko wowote, kwa sababu lugha na dini vinagongana ndani yake. Mwaka 1947 bara dogo la India liligawanywa kwa kigezo cha dini, na Pakistan ikazaliwa ikiwa na mabawa mawili yaliyotenganishwa na zaidi ya kilomita 1,600 za ardhi ya India. Kwenye ramani ya dini, mabawa yale yalikuwa na rangi moja. Kwenye ramani ya lugha yalikuwa dunia mbili, kwani watu wa mashariki walisema Kibengali, nao ndio waliokuwa wengi katika nchi nzima. Viongozi waliposhikilia kwamba lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake, wanafunzi wa Dhaka, mji mkuu wa upande wa mashariki, waliandamana, na tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi, baadhi yao wakafa. Mwaka 1956 Kibengali kilitambuliwa kikatiba, lakini jeraha lilikuwa limeshafunguka, na malalamiko ya uchumi na uwakilishi yakaongezeka juu yake, hadi bawa la mashariki likajitenga kwa vita mwaka 1971 na kuwa Bangladesh. Tarehe ile ya Februari ndiyo ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama.

Ninapofundisha habari hii huwa natumia karatasi mbili zinazopenya mwanga, moja ya dini na nyingine ya lugha, na kuziweka moja juu ya nyingine. Wanafunzi huona wenyewe, kabla sijasema neno, pale ambapo mistari inakataa kulingana. Ramani ile ya 1947 haikuwa na uongo katika kile ilichokionyesha. Ilikuwa imeuliza swali moja, na watu walikuwa na majibu zaidi ya moja.

Kufa kwa lugha ni sehemu ambayo bado naiona ngumu kufundisha. Kuna lugha takriban 7,000 duniani, na zimegawanyika kwa namna ya kushangaza: Papua New Guinea peke yake ina zaidi ya 800, huku zikiunganishwa kwa sehemu kubwa na Tok Pisin, lugha iliyoanza kuwa pijini, yaani lugha rahisi ya mseto, ya kazi na biashara na ambayo sasa watoto wengi wanakua nayo kama lugha yao ya kwanza. Kwa upande mwingine kuna habari za Kiubikhi, lugha ya kaskazini-magharibi mwa Kaukazi, eneo lililo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, yenye konsonanti zaidi ya 80 na irabu mbili tu. Waubikhi walifukuzwa na Dola ya Urusi mwaka 1864 wakatawanyika katika Dola ya Osmani, na walipotawanyika, kila familia ilihitaji lugha ya majirani wapya ili iishi. Msemaji wa mwisho fasaha, Tevfik Esenç, alifariki dunia nchini Uturuki mwaka 1992, baada ya kushirikiana kwa miaka mingi na wanaisimu walioirekodi lugha yake. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba lugha hufa kwa sababu wasemaji wanapungua. Kiubikhi kilinirekebisha. Lugha hufa pale inaponyang'anywa mahali pa kusemwa. Kiebrania kinathibitisha upande wa pili wa jambo hilohilo: kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya ibada na maandishi, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 Eliezer Ben-Yehuda na wenzake walikirudisha nyumbani, shuleni na mtaani, yaani walikitafutia mahali.

Kuhusu dini, nilikuwa na woga ambao nadhani walimu wengi wanao. Darasa lina watu wa imani mbalimbali, na neno moja baya linaweza kuvunja imani ya wanafunzi kwa mwalimu. Nililitamka neno hilo. Nilieleza kwamba wanajiografia wanatofautisha dini zinazowaalika watu wote, kama Ukristo, Uislamu na Ubudha, na dini zinazofungamana na watu na ardhi fulani, kama Uhindu, Uyahudi, Ushinto na dini nyingi za jadi. Tatizo ni kwamba nilizipanga kwa ngazi, kana kwamba za kwanza zimekua na za pili zimedumaa. Binti mmoja aliyekuwa Mhindu alinifuata baada ya kipindi, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, sisi hatujashindwa kuenea. Hatukuwa na haja hiyo." Niliomba radhi mbele ya darasa siku iliyofuata, nikalifundisha somo upya.

Niliporudia, nilianza na Mauritius. Baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, kuanzia mwaka 1834 vibarua wa mkataba kutoka India walipelekwa katika kisiwa hicho kukata miwa, na dini yao ikaenda nao bila kumtafuta mfuasi hata mmoja. Lakini dini iliyofungamana na Ganga, mto mtakatifu wa India, ingeishije katika kisiwa kisicho na Ganga? Ziwa moja la huko, liitwalo Ganga Talao, lilikuja kuaminiwa kuwa na uhusiano na mto ule, na kila mwaka katika Maha Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, mahujaji wengi huliendea kwa miguu. Utakatifu wa mahali ulihamishwa. Tangu nijue hilo, mstari kati ya makundi yale mawili ya dini nauchora kwa penseli.

Hata kalenda inasaidia kulieleza jambo hili. Sikukuu kuu za Kiyahudi zimefungwa kwenye majira ya mavuno ya nchi moja, kwa hiyo kalenda yao ya mwezi huongezwa mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19 ili isitoroke majira. Mwaka wa Kiislamu wenye siku 354 au 355 hauongezwi chochote, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa takriban miaka 33, na hakuna nchi ambayo hubebeshwa siku ndefu za kufunga daima.

Majengo niliyapitia kwa ufupi zaidi, ingawa wanafunzi huyapenda. Mwanajiografia Mmarekani Derwent Whittlesey mwaka 1929 alizungumzia jinsi makundi yanavyopokezana ardhi moja na kila moja kuacha alama juu ya alama za waliotangulia. Hagia Sophia mjini Istanbul ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikaamuliwa kuwa makumbusho mwaka 1934, na ikarudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Huko Córdoba, Hispania, kanisa kuu limesimama katikati ya nguzo za msikiti ulioanza kujengwa karne ya 8.

Somo lililonigusa zaidi katika sehemu hii nililipata makaburini, nilipowapeleka wanafunzi kusoma mandhari badala ya kuisoma kitabuni. Katika kipande kimoja cha ardhi tuliona familia moja ya vizazi vitatu. Jiwe la bibi liliandikwa kwa hati moja, la mwanawe kwa hati mbili, la mjukuu kwa hati nyingine kabisa ambayo bibi yake asingeweza kuisoma. Makaburi yote matatu yalikuwa yamelazwa kuelekea upande uleule. Lugha ilikuwa imebadilika mara mbili, na mwelekeo wa ibada haukusogea hata kidogo. Tulisimama hapo muda mrefu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kungekuwa na familia ambayo lugha yake imebaki na mwelekeo umebadilika, na hatukuhitaji kutembea mbali kuipata.

Ile ramani yangu ya zamani bado ninayo. Naitoa kila mwaka, nawaonyesha, na kuwauliza swali nililoulizwa mimi. Kisha tunazungumzia zinakotoka takwimu zinazogeuka kuwa rangi. Ubelgiji iliacha kuuliza lugha katika sensa baada ya ile ya mwaka 1947, kwa sababu majibu yalikuwa yakisogeza mpaka kati ya wasemaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa, na mwaka 1962 mpaka huo ukawekwa kwa sheria. Ufaransa haiulizi dini katika sensa yake. Kwa hiyo chini ya kila ramani huwataka wanafunzi waandike mambo matatu: nani alihesabu, mwaka gani, na aliuliza swali gani.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinirudishia ramani yake ikiwa na mstari wa nne ambao sikuwa nimeuagiza: "Swali liliulizwa kwa lugha gani?" Nimeuongeza katika zoezi.